Namna ya kujenga hoja kuu inayobishika kuhusu kukomeshwa kwa utumwa: mfano wa Zanzibar na Pemba

"Utumwa ulikuwa uovu mkubwa." Sentensi hii ni ya kweli, lakini haifai kuwa hoja kuu ya insha. Hakuna mwalimu, mtahini wala msomaji mwenzako atakayeibisha, na pasipo mbishi huna cha kuthibitisha. Ukianzia hapo utarundika mifano ya mateso ukurasa baada ya ukurasa, na mwishoni msomaji atakuwa anaamini kile kile alichokiamini kabla hajakusoma.

Sentensi ya pili inayopendwa sana, hasa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, ni ile ya orodha: "Biashara ya utumwa ilikomeshwa kwa sababu za kiuchumi, kisiasa na kijamii." Hii nayo haisemi kitu, kwa kuwa kila tukio la historia lina sababu za kiuchumi, kisiasa na kijamii. Toa maneno "biashara ya utumwa", weka "Vita vya Majimaji", na sentensi itabaki sahihi vile vile.

Hoja kuu inayobishika ni dai ambalo mtu makini, aliyesoma nyaraka zile zile ulizosoma wewe, anaweza kulikataa kwa sababu za maana. Hilo ndilo la kutafuta. Watu waliouzwa Mkunazini, kwenye soko la watumwa la mji wa Zanzibar, na waliochuma karafuu Pemba wanastahili zaidi ya huruma ya jumla. Wanastahili tuulize ni nini hasa kiliwapata, nani aliamua, na wao wenyewe walifanya nini.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, yaani Zanzibar, Pemba na pwani iliyo mkabala nazo. Hatua zenyewe zinafaa popote, iwe unaandika kuhusu Haiti, Brazili au Marekani.

Hatua ya 1: Amua unazungumzia kukomeshwa kwa nini

Hapa ndipo insha nyingi zinapoharibika. Mwandishi anasema "utumwa ulikomeshwa 1873", mwingine anasema 1897, wa tatu anasema 1909, na wote wana ushahidi. Tatizo ni kwamba kila mmoja anazungumzia jambo tofauti.

Kuna kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini, kukomesha soko, kuifuta hali ya utumwa mbele ya sheria, na kuna mtu mwenyewe kuishi na kufanya kazi bila bwana. Haya hayakutokea siku moja. Mkataba wa 1822 kati ya Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, na Uingereza ulizuia kuwauzia watumwa mataifa ya Kikristo. Ule wa 1845, ulioanza kufanya kazi 1847, ulizuia kuwapeleka Arabuni, lakini uliruhusu biashara iendelee kati ya bandari za Sultani hapa Afrika ya Mashariki. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wote wa baharini na kufunga masoko ya hadhara. Mwaka 1876 alitoa matangazo dhidi ya misafara ya nchi kavu. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Pwani ya Kenya ilisubiri hadi 1907. Mwaka 1909 Zanzibar ilipata sheria nyingine iliyogusa wale walioachwa nje mwaka 1897. Tanganyika, iliyokuwa imepita mikononi mwa Wajerumani, ilifikiwa na sheria ya namna hiyo mwaka 1922 chini ya Waingereza.

Tazama umbali uliopo kati ya 1873 na 1922. Ukiandika "kukomeshwa kwa utumwa Afrika Mashariki" bila kusema ni kukomeshwa kupi, hoja yako itamezwa na miaka hiyo hamsini. Chagua moja. Kuanzia hapa tutashika Amri ya 1897.

Hatua ya 2: Tafuta jambo lisilokaa sawa

Mada haizai hoja. Kinachozaa hoja ni swali gumu. Na swali gumu hupatikana pale ambapo mambo mawili ya kweli yanaonekana kugombana. Soma ukiwa na kalamu, na kila unapojiuliza "lakini mbona…?" andika pembeni.

Mbona Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890, na utumwa ukaendelea kuwa halali hapo kwa miaka saba zaidi? Nchi iliyojisifu kwa kuendesha manowari za kukamata majahazi ya watumwa ilikuwa sasa inasimamia serikali ambayo raia wake walimiliki watu kwa mujibu wa sheria. Mbona biashara haikufa baada ya 1873? Meli ya kivita ya Uingereza iliyoitwa London ilikaa bandarini Zanzibar kwa miaka kadhaa kwa kazi hiyo, na bado mwezi Desemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kulikagua jahazi lililobeba watumwa na kupeperusha bendera ya Ufaransa. Mbona waliokuwa watumwa wengi hawakwenda mahakamani kudai uhuru baada ya 1897, ilhali mahakama ilikuwa wazi kwao?

Kila swali hapo linaweza kubeba insha nzima. Lakini usiyabebe yote. Mimi nalichukua la mwisho, kwa sababu linawarudisha katikati watu ambao vitabu vingi huwataja kama waliotendewa tu.

Hatua ya 3: Soma waraka mmoja polepole

Kabla hujaanza kukusanya maoni ya wanahistoria, kaa na waraka mmoja wa wakati ule. Amri ya 1897 ni fupi, na kila kifungu chake kinasema jambo ambalo kichwa chake hakisemi.

Kwanza, angalia nani aliitoa na katika hali gani. Hamoud bin Mohammed aliwekwa kitini na Waingereza baada ya mizinga yao kulipiga kasri tarehe 27 Agosti 1896. Kwa hiyo ukiandika "Sultani aliamua", msomaji mzuri atakuuliza kama alikuwa na nafasi ya kuamua.

Pili, angalia kitenzi. Amri haisemi kwamba watumwa wote wako huru tangu siku ile. Inasema kwamba madai ya haki juu ya mtu kwa msingi wa utumwa yatapelekwa kwenye mahakama ya wilaya, na mahakama itakataa kuyatambua. Maana yake ni kwamba uhuru ulimngoja mtu aufuate. Mtumwa wa shamba la ndani huko Pemba, ambaye hakuna aliyemsomea amri hiyo, aliamka asubuhi ya tarehe 7 Aprili akiwa katika hali ile ile ya jana.

Tatu, fidia. Bwana aliyeweza kuthibitisha kwamba alimmiliki mtumwa kihalali alistahili kulipwa. Mtumwa hakulipwa chochote kwa miaka aliyotumikishwa. Hili utalikuta pia katika makoloni ya Uingereza ya Karibi, ambako Bunge lilitenga pauni milioni 20 kwa wamiliki.

Nne, na hapa usipite haraka: aliyetambuliwa na mahakama kuwa huru alitakiwa kuonyesha kwamba ana makazi ya kudumu na njia ya kujipatia riziki, na aliwajibika kwa kodi na kazi za lazima kama wengine. Jiulize mtu huyo angetoa wapi makazi. Nyumba yake ilikuwa kwenye shamba la bwana, na konde alilolima siku zake za mapumziko lilikuwa la bwana. Akitoka anahesabika mzururaji. Akibaki anabaki chini ya yule yule. Kifungu kimoja tu, na tayari tunaona serikali ilikuwa inawaza nini: nani atachuma karafuu? Ushuru wa karafuu ndio uliokuwa chanzo kikuu cha mapato ya serikali ya Zanzibar, na maofisa wa Uingereza waliandika wazi hofu yao kwamba kuwafungulia watumwa kwa mkupuo kungeyaua mashamba.

Tano, masuria. Amri iliwatenga: waliendelea kuhesabiwa kama wakaazi wa nyumba ya bwana, kwa mfano wa wake, isipokuwa pale ambapo mwanamke alilalamikia ukatili. Walifikiwa 1909. Kifungu hiki kinaumiza kukisoma. Kinakulazimisha uulize neno "mtumwa" katika vichwa vya watunga sheria lilikuwa na sura ya nani.

Umeona? Tumesoma waraka mmoja, na tayari tuna vitu vitano vya kubishania. Ndiyo maana nasisitiza waraka kabla ya maoni ya wengine.

Hatua ya 4: Andika dai baya, kisha lishambulie

Usisubiri hoja ikamilike kichwani. Andika ya kwanza hata kama ni dhaifu:

"Amri ya 1897 haikuwakomboa watumwa kikamilifu."

Kasoro yake iko kwenye neno "kikamilifu". Hakuna sheria duniani iliyomkomboa mtu kikamilifu, hivyo dai hili limejilinda mno na halina hatari yoyote. Jaribu tena:

"Amri ya 1897 iliandikwa kulinda mavuno ya karafuu kuliko kumkomboa mtumwa."

Hapa kuna uhai. Dai lina mtendaji, lina nia, lina kipimo ("kuliko"), na mtu anaweza kulipinga. Sasa kaa upande wa pili na ulipinge wewe mwenyewe, kwa nguvu zako zote. Kifungu cha masuria hakina uhusiano na karafuu; kinahusu utulivu wa nyumba za matajiri na hofu ya kuwaudhi kwa jambo la ndoa na sharia ya Kiislamu. Halafu, kama nia ilikuwa kulinda mavuno, mbona wenye mashamba walilalamika baada ya 1897 kwamba hawana wachumaji? Wako waliohamia mjini, wako waliohama shamba moja kwenda jingine, na wengi waliobaki walibaki kwa masharti mapya: kufanya kazi siku fulani za wiki kwa mwenye shamba, na siku nyingine kulima chakula chao kwenye ardhi yake. Wachumaji wengine wakaanza kutoka nje, wakiwemo Wahadimu na Watumbatu, wenyeji wa Unguja na kisiwa cha Tumbatu, waliokwenda Pemba kwa msimu.

Pingamizi hili lisikutishe, kwa kuwa ndilo litakalokupa hoja yenyewe. Linaonyesha kwamba nia ya sheria na matokeo yake ni vitu viwili, na katikati yao kuna watu waliopatana, waliogoma na waliohama. Andika upya:

"Ingawa Amri ya 1897 ilikusudia kuwabakisha waliokuwa watumwa chini ya mabwana zao, uhaba wa wachumaji wa karafuu uliwapa nguvu ya kudai ardhi ya kulima na siku zao wenyewe, hivyo mipaka ya uhuru Pemba iliwekwa zaidi na mapatano ya shambani kuliko na mahakama."

Hii ndiyo hoja kuu. Inajibu swali la hatua ya pili, kwani sasa tuna maelezo ya kwa nini wengi hawakwenda mahakamani: wengine walipata shambani kitu ambacho cheti cha mahakama hakikuwapa, yaani ardhi. Na bado mtu anaweza kuikataa. Anaweza kusema kwamba hayo si mapatano, kwa sababu asiye na ardhi hana nguvu ya kupatana. Anaweza kusema kwamba mahakama, hata kwa wachache waliozifikia, ndizo zilizowafanya mabwana wawe wapole kwa wale waliobaki. Akisema hivyo, umefaulu, maana una mtu wa kujibizana naye.

Nyongeza ambayo wengi huisahau: baadhi ya waliokuwa watumwa waliona kwamba uhuru wa kweli ni ule anaoutoa bwana mwenyewe, kwa mujibu wa sharia, na si karatasi ya serikali. Kwa Mwislamu aliyetaka kuoa, kurithi na kuzikwa kwa heshima mbele ya majirani, jambo hilo halikuwa dogo. Hoja inayopuuza imani ya watu inaowazungumzia itakuwa na pengo ambalo msomaji wa pwani ataliona mara moja.

Hatua ya 5: Uliza ni nani anayesema

Sehemu kubwa ya nyaraka za suala hili iliandikwa na mabalozi, manahodha na wamisionari. Walikuwa na sababu zao za kuandika. Balozi alitaka fedha na sifa kutoka London. Misheni ilitaka michango. Takwimu zao za watumwa waliopita bandarini ni makadirio, na hutofautiana sana. Zitumie kuonyesha mwelekeo, na usijenge hoja nzima juu ya nambari moja.

Tuna bahati kwamba Kiswahili chenyewe kina mashahidi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika kuhusu watumwa na mabwana katika maelezo ya desturi za Waswahili yaliyochapishwa 1903. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. James Mbotela aliandika kuhusu uhuru wa watumwa akitokea jamii ya mahuru, yaani watumwa waliokombolewa, wa Frere Town, Mombasa, na kitabu chake cha 1934 kinawashukuru sana Waingereza. Kila mmoja kati yao anaona kutoka mahali pake: wa kwanza ni mwungwana msomi, wa pili ni mfanyabiashara aliyefaidika na misafara, wa tatu ni mtoto wa misheni. Wasome pamoja, kisha waweke kando ya kumbukumbu za mahakama. Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zina mafaili ya kipindi hicho.

Angalizo moja, na ninalitoa kwa uzito. Jambo hili bado linauma Zanzibar na pwani nzima, na limetumika katika siasa kwa namna iliyoumiza watu. Usiache hoja yako igeuke lawama ya kabila. Wamiliki walikuwa Waarabu na pia Waswahili, misafara ya bara iliwahusisha Wayao na Wanyamwezi, mitaji mingi ilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na karafuu, pembe na nafaka vilinunuliwa na masoko ya mbali, ya Ulaya na Marekani yakiwemo. Kusema hivyo si kumtetea yeyote. Ni kuweka majina kwenye matendo, kwa usahihi, kila mtu na lake.

Hatua ya 6: Jaribu hoja kwenye kesi nyingine

Kabla hujaanza kuandika insha, ipeleke hoja yako mahali pengine uone kama inasimama. Chukua pwani ya Kenya. Huko watumwa walikuwa wakitoroka miaka mingi kabla ya sheria ya 1907, wakianzisha vijiji vya watoro ndani ya bara au wakikimbilia misheni. Mwanzoni mwa 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Kibiashara ya Waingereza Afrika Mashariki alilazimika kuwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa Rabai na vituo vingine vya misheni. Hao walijiondoa utumwani kwa miguu yao, na serikali, misheni na kampuni zikafuata nyuma kutengeneza hesabu.

Je, hili linaiunga mkono hoja yetu ya Pemba? Kwa sehemu. Linaonyesha kwamba matendo ya watumwa yalitangulia sheria. Lakini kule kulikuwa na bara la kukimbilia, na Pemba ni kisiwa. Kwa hiyo huenda mapatano ya shambani yalitokea Pemba kwa sababu hapakuwa na pa kwenda. Mstari huo mmoja uuweke kwenye insha. Utaipa hoja yako sababu ambayo hukuwa nayo mwanzo, na utakuzuia kudai kwamba ilikuwa hivyo pwani nzima.

Hatua ya 7: Ipange insha kwa kufuata hoja

Hoja yetu ina sehemu tatu: nia ya amri, uhaba wa wachumaji, na mapatano yaliyoshinda mahakama. Hizo ndizo sehemu za insha, kwa mpangilio huo. Aya ya kila sehemu ianze na dai dogo, si na tarehe. "Mwaka 1897 Sultani alitoa amri" ni taarifa. "Kifungu cha makazi kilimfungia mtumwa mlango aliofunguliwa" ni dai, na tarehe itaingia ndani yake. Pingamizi kubwa, lile la asiye na ardhi kukosa nguvu, lipe nafasi yake kamili kabla ya aya za mwisho, na ulijibu kwa ushahidi: malalamiko ya wenye mashamba, wachumaji wa msimu walioletwa, siku za kazi zilizopungua.

Epuka maneno yanayolegeza: "kwa namna moja au nyingine", "mambo mbalimbali", "mchango mkubwa". Kila unapoyakuta, uliza ni namna ipi, mambo yapi, mchango gani, kisha andika jibu hilo mahali pake.

Ukimaliza rasimu, rudi kwenye sentensi ya hoja kuu uisome upya. Mara nyingi utakuta aya ya mwisho imesema jambo kali na sahihi zaidi kuliko utangulizi. Likate ulipeleke juu, kisha pitia kila aya ukiuliza kama bado inalihudumia dai hilo jipya. Isiyolihudumia iondoe, hata kama ilikuchukua siku nzima maktabani.